Ikendu

Mraba wa maili sita kwa sita.
Aliyeuchora alikuja na mnyororo wa chuma, mbu shingoni,
akapiga vigingi, hakuuliza kijito kinapita wapi.
Kijito nacho hakikumwuliza. Hadi leo
kinavuka mipaka yetu mara saba bila kupiga hodi.

Na kwa kuwa dunia ni duara na mraba ni mkaidi,
barabara ya kaskazini inakata kona ghafla
pale kwenye ghala la Haugen:
hapana mlima, hapana mto, hapana hata kaburi la kukwepa.
Wageni husimamisha gari, wakaitazama ramani, wakatutazama sisi.
Ni mviringo wa dunia, tunawaambia. Deni lake lililipwa hapa.
Mjukuu wa Haugen alililipa mara ya pili,
usiku wa barafu, kwa gari la babake.

Jina, basi.
Mwaka ule wa moto wa nyika
wanaume kumi na wanane walijazana jikoni kwa Gunhild Tveit.
Nusu walitaka jina la bonde walikozaliwa, ng'ambo.
Nusu wakasema bonde lile liliwanyima viazi,
halina heshima ya kudai.
Kahawa ikaisha. Fomu ilikuwa na nafasi moja tupu,
na Peder Tveit, mwenye mwandiko wa kuku,
akaandika humo kwa penseli, kwa lugha ya mamake,
*ikke endnu*.
Yaani, bado.

Karani wa wilaya hakujua Kinorwe. Alijua kugonga muhuri.
Tukabatizwa Ikendu,
na miaka mia na arubaini hatujakata rufaa.

Daftari ninalo mimi, Ardis Kvamme,
tangu mjukuu wa Peder aingiwe na ukungu machoni.
Ukurasa wa mwanzo: watu mia tatu na sita,
na farasi wengi kuliko hao.
Kisha trekta. Trekta moja hula familia nne,
polepole, bila kutafuna.
Sasa tu kumi na mmoja,
wote wenye umri wa kupiga kura, na hilo ndilo tatizo.

Kijana wa sensa alikuja na kishikwambi na viatu vya mjini.
Akauliza kwa upole: nyumba ile yenye taa, anaishi nani?
Nikamwambia, ni ya Vernice, yuko makao ya wazee,
mwaka wa nne huu.
Taa huwashwa na Clarence, kila jioni,
ili barabara isizoee giza.
Akatafuta kisanduku cha kulitia hilo.
Akakosa. Akanywa chai, akaenda zake.

Jumanne ya pili ya Machi tulikutana shuleni,
magoti yakigusa videvu kwenye viti vya watoto.
Barua ya wilaya ilitushauri tujivunje:
kokoto, greda, madaraja mawili, vyote wavichukue wao.
LaVonne alisema ni busara. Ni busara kweli.
Mumewe akapiga kura kinyume chake, hakumtazama.
Tano kwa tano.

Wa kumi na mmoja, Delmer Rask, alikuwa zizini;
ndama ametanguliza miguu ya nyuma.
Tukangoja. Tukala pai. Upepo ukajaribu kila dirisha.
Ukutani ramani ya mpima imefifia,
ila kijito, ambacho mtoto fulani wa zamani
alikichora kwa kalamu ya nta,
bado ni bluu.

Saa nne kasoro, mlango.
Delmer, mikono ikinuka dawa, theluji kwenye kope,
akaketi pembeni ya dawati, akapumua.
Yu hai, alisema. Mtamba.
Kisha: nanyi, mmeshamaliza?

Tukamjibu kwa pamoja, vinywa vimejaa pai,
jina la mahali.